Nilikiita Mzigo wa Sala

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Honoré, keti upande huu wa ukuta ili nikuone. Francine, wewe kaa penye miguu yangu. Kama hamtaki kuangaliana msiangaliane, nawaomba tu mkae chumba kimoja mpaka nimalize. Bijou, mjukuu wangu, njoo hapa kwenye mkeka, karibu na mkono wangu. Najua chai iko motoni, iache. Mvua imenyamaza, jirani amezima muziki wake, na daktari aliyekuja jana hakuniambia chochote, ila aliniangalia kama mtu anavyoangalia nyumba iliyo kwenye mteremko baada ya udongo kuanza kutembea. Nimeelewa. Tangu vita iingie mjini mwaka jana nimeona watu wengi wakiondoka duniani bila kusema walichopaswa kusema, na mimi nimehangaika kwa nguvu zangu zote niwe mmoja wao. Leo sina nguvu hata za kuficha.

Nitasema kwa Kiswahili cha katekisimu, kile tulichofundishwa na mapadre tukiwa wadogo. Sitaki kujionyesha. Kiswahili hicho ndicho nilichokitumia kuwadanganya watu, nanyi mnastahili kukisikia kikisema kweli walau siku moja.

Mnanijua kama mtu wa sala. Kwa miaka ishirini na miwili niliongoza kundi, kila Jumatano na kila Jumamosi alasiri, kwanza kule Cimpunda tulikokuwa tunakaa, baadaye hapa Panzi, na watu walitoka Bagira, walitoka Kabare, wakapanda vilima na watoto mgongoni ili Maman Eulalie awaombee. Nilifunga. Nilisali rozari nne kwa siku, zaburi nilizijua kwa kichwa, na magoti yangu yalikuwa na ngozi ngumu kama ya nyayo. Na kwa miaka hiyo yote, wanangu, sikukaa hata robo saa nikajiuliza ndani yangu mna nini. Nilikuwa nikimchunguza kila mtu isipokuwa mimi. Mwanamke akiingia nilimtazama mara moja nikajua amegombana na mumewe, nikamwambia, akalia, akasema Mungu amenena, na mimi nikaamini kwamba ni Mungu, kumbe nilikuwa mama mzee aliyeona wanawake wengi wakilia.

Sasa nitamsema Luc. Bijou, baba yako alikuwa mwanangu wa kwanza. Mume wangu Alphonse alipokufa, Luc alikuwa na miaka kumi na saba. Aliacha shule, akaenda kujifunza useremala, ili hawa wawili wadogo zake wasome. Kila jioni akirudi kazini aliingia kwanza kwangu, hata kabla ya kunawa, akakaa kwenye kiti kifupi karibu na mbabula ya makaa, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake, akanisimulia siku yake: mbao ipi ilipasuka, mteja gani alilalamika kuhusu kitanda. Kwa miaka kumi niliishi kwa nusu saa ile. Sikujua kwamba ninaishi kwayo. Nilidhani ninaishi kwa sala.

Kisha akamleta Nathalie, msichana wa Luhwindja, mrefu, mshonaji, mwenye kucheka akifunika kinywa. Hakuwahi kunijibu vibaya. Mara nyingi nilitamani anijibu vibaya nipate cha kushika. Luc akajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu, akamtafutia cherehani, na tangu siku ile akirudi kazini alipita mbele ya mlango wangu akasema, "Bonsoir, maman," akaendelea. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa Nathalie zilikuwa hatua kumi na moja. Nilizihesabu nikiwa nimekaa na rozari mkononi, na kila hatua ilinikanyaga hapa, chini ya mbavu za kushoto.

Sikilizeni hapa vizuri, maana uovu wangu wote ulianzia hapa, na ulianza kwa kitu kidogo sana. Nilihisi kitu kikinikaba, kizito, cha moto, na badala ya kukiuliza, wewe ni nani, nilikipa jina zuri. Katika kundi letu, mtu akihisi uzito kifuani tulikuwa tunasema Roho amempa mzigo wa sala, yaani kuna mtu au nyumba anayopaswa kuiombea. Basi nikasema nina mzigo wa sala juu ya mke wa mwanangu. Nikafunga kwa ajili yake. Nikaweka jina lake kwenye kikapu cha maombi. Wanawake wa kundi wakaniuliza, Maman, kuna nini kwa Nathalie? Nikashusha macho nikasema, tuombe tu. Hebu fikirini. Sikusema hata neno moja baya, na baada ya miezi mitatu hakuna mwanamke katika avenue yetu, mtaa mzima, aliyekubali kumpelekea kitambaa ashone.

Mwaka wa tano wa ndoa yao Luc akaanza kuumwa. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa, miguu ikakonda. Nathalie alimwosha, alimlisha, alilala sakafuni hospitalini, akauza vitenge vyake kimoja kimoja. Daktari alituita sote, Honoré ulikuwepo, akatueleza kwamba ni ini, na kwamba ugonjwa wenyewe uliingia zamani sana, huenda tangu utoto. Nilisikia kwa masikio yangu. Luc akafa siku ya Jumanne, akiwa na miaka thelathini na mmoja, na wewe Bijou ulikuwa na miaka mitatu, ukauliza kwa nini papa amevaa viatu kitandani.

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tumekaa chini ya turubai, alasiri, wanawake wangu wakiimba. Nathalie alikuwa kwenye mkeka, na wewe, Bijou, umelala juu ya paja lake. Wakaja maseremala, wenzake Luc, wanaume kumi hivi, wakavua kofia. Nao wakaenda kwa Nathalie kwanza. Wakainama, wakampa pole yeye kwanza, kama ilivyostahili, kisha wakageuka kunitafuta mimi. Wanangu, ni hilo tu. Hakukuwa na ndoto, hakukuwa na maono. Watu kumi walimsalimia mwingine kabla yangu. Kitu kile cha chini ya mbavu kikapanda mpaka kooni, nami nikasimama.

Kabla sijafungua kinywa palikuwa na nafasi ndogo, fupi kuliko kupepesa jicho, na ndani ya nafasi ile niliona kila kitu wazi: ninachotaka kufanya, na kwa sababu gani. Mungu hakuninyima nafasi ile. Nikaifunga kama mtu anavyofunga dirisha. Nikasema kwa sauti ya kundi la sala, "Mungu amenionyesha mlango ambao kifo kimepitia kuingia nyumba hii." Na nikanyoosha mkono.

Sikusema mchawi. Sikuhitaji. Neno hilo walilisema wengine kwa niaba yangu, na kabla nyimbo hazijaanza tena vijana wa avenue walikwisha kuingia uani. Walivunja cherehani kwa jiwe la kusagia. Wakamburuta Nathalie hadi njiani, ule mteremko unaoshuka kwenye mtaro, wakamrushia mawe, na jiwe moja likampata jicho la kulia. Wewe Bijou nilikuwa nimekwisha kukunyakua. Ulilia mpaka ukatapika juu ya bega langu. Kabla hawajamtoa uani Nathalie alinitazama. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake sufuria iko motoni:

"Maman, weye mwenyewe unajua."

Ndiyo, Bijou. Umesikia vizuri. Huyo ni mama yako. Nilikuambia alikufa kwenye shimo la dhahabu ukiwa mchanga, nikakufundisha kumwombea kila mwezi wa kumi na moja, na ulikuwa unawasha mshumaa, na mimi nilikuwa ninakushikia kiberiti. Hakufa. Francine, mshike, lakini usimbane. Bijou, keti. Utaondoka, sitakuzuia, wala sina nguvu za kukuzuia. Ila ukitoka sasa hivi hutajua uende wapi. Nipe muda kidogo tu.

Honoré, ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Hukurusha jiwe. Ulishikilia mlango wa ua ukiwa wazi ili wapite, kwa sababu mama yako alikuwa amesema, na mama yako alikuwa anasema na Mungu. Francine, ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulishuka mbio nyuma yao, ukalala juu yake mpaka wakaona aibu kukupiga wewe, ukamfunga jicho kwa kitambaa chako cha kichwa, ukampeleka kwenye zahanati na kukaa naye siku mbili. Uliporudi ulimwambia kaka yako neno ambalo sitalirudia, na tangu siku hiyo ninyi wawili mnasalimiana kama watu wa parokia mbili. Majirani wanadhani mnagombania kiwanja. Mmewaacha wadhani hivyo ili kunifunika. Wanangu, ugomvi huo si wenu. Ni mimi niliyewagawa, nikakaa katikati nikiwaombea mpatane.

Na wewe, Francine, sikukuacha hivyo tu. Nilikulazimisha kuweka mkono juu ya rozari ya marehemu baba yako uape kwamba hutamwambia mtoto kitu, na kwamba ukisema, wewe si mwanangu tena. Leo ninakufungua kiapo hicho. Nimechelewa miaka kumi na saba.

Nathalie alikuja mara mbili kumtafuta mtoto wake. Mara ya kwanza wanawake wa kundi walimsimamisha njiani. Mara ya pili nilitoka mwenyewe, nikamwambia akirudi tena vijana watamaliza kazi waliyoianza. Jicho lake lilikuwa limefungwa kwa bandeji chafu. Alikuwa ameleta gauni dogo, la njano, alilolishona kwa mkono. Nililipokea, nikafunga mlango, na ulilivaa Krismasi ile, Bijou. Nilikuambia nimelinunua soko la Kadutu. Baada ya hapo tukahama Cimpunda tukaja hapa, ambako hakuna aliyejua. Na jina langu likakua. Kule Cimpunda watu walisema, yule mama hana upendeleo, alimtaja hata mke wa mwanawe.

Miaka saba iliyopita nilianguka kwenye ngazi za soko, mvua ikinyesha, nikavunjika nyonga, nikalazwa hospitali ya Katana wiki tisa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa masera mmoja, mtawa mzee, Masera Adèle, mwenye ugonjwa wa mapafu, mwili mdogo kama wa mtoto wa shule. Mimi nilikuwa ninasali kwa sauti tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, wagonjwa wengine wakiitikia. Siku ya nne au ya tano akanigeukia akaniuliza, taratibu kabisa, "Maman Eulalie, unasalaka sana. Saa gani unanyamazaka?"

Nilikasirika. Nikasema moyoni huyu ana wivu na karama yangu. Lakini swali lilikaa kama mfupa wa samaki, na kwa kuwa nilikuwa nimefungwa mguu na sikuwa na pa kukimbilia, kesho yake nikamwuliza alikuwa na maana gani. Akaniambia kwamba kila siku, jua likianza kushuka, kabla ya chakula, yeye hukaa na siku yake. Hasemi kitu kwa Mungu. Anairudisha siku mbele yake tangu alipoamka, saa kwa saa, na pale ambapo moyo ulishtuka, ulifurahi kupita kiasi, au ulichukia, anasimama hapo na kuuliza, hiki kilikuwa kitu gani, na mimi nilikiita nini. Akasema kazi yote ni kwenye lile jina. Mtu akikosea jina, sala yake yote inakwenda kumlisha adui.

Nikajaribu, kwa kiburi, nikitaka kumwonyesha kwamba sina kosa la kuokota. Siku nane sikuona chochote ila wema wangu. Siku ya tisa, mama mmoja wa kitanda cha dirishani alitembelewa na mwanawe, kijana mkubwa wa miaka thelathini, ambaye alikaa kando yake akammenyea chungwa, akaondoa mbegu moja moja, akamlisha. Nami nikahisi kile kitu. Palepale, chini ya mbavu. Haraka nikasema, ni mzigo wa sala, yule mama ana shida, nitamwombea. Jua lilipoanza kushuka nikamsimulia Masera Adèle. Alivuta pumzi kwa shida, kisha akasema, "Ile chungwa ilikuwa na shida gani?"

Wanangu, nilianza kumweleza shida ya yule mama. Halafu jina likaja lenyewe. Wivu. Nilikuwa mama wa miaka sitini na saba, kiongozi wa sala, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kulisema neno hilo juu yangu. Na lilipotoka halikutoka peke yake. Lilivuta hatua kumi na moja, likavuta kikapu cha maombi, likavuta turubai na maseremala, likavuta ile nafasi ndogo niliyoifunga. Nililia mpaka muuguzi akadhani ni nyonga. Nathalie alikuwa amesema kweli. Nilijua. Nilijua siku ile ile.

Nilipoweza kutembea kwa fimbo niliacha kundi, mkashangaa, nikawaambia ni uzee. Nikapanda gari la mizigo hadi Luhwindja, mkidhani ninakwenda kusalimia ndugu zangu Katana. Nilimkuta karibu na machimbo, akiwauzia wachimbaji maharage na bugali, jicho moja jeupe kama la samaki aliyepikwa. Alinitambua kabla sijafika. Nikapiga magoti kwenye matope mbele ya wale vijana na mabeleshi yao, nikasema yote, sikuficha neno. Alinisikiliza huku akiendelea kupakua chakula. Nilipomaliza nikamwomba msamaha, nikamwahidi sehemu ya Luc ya kiwanja, nikamwahidi kila nilichonacho. Akasema:

"Sitaki kitu yako. Umuambie Bijou kusema niko muzima. Umuambie weye, na kinywa yako. Halafu tutaongea mambo ya samahani."

Nikaapa. Nikarudi Bukavu nimeapa. Na hiyo ni miaka sita sasa.

Mnaona, nilidhani kwamba mtu akishaujua moyo wake amepona. Nilikuwa ninakaa na siku yangu kila jioni bila kukosa, hapa kwenye kitanda hiki, na kila jioni nilikuwa ninauona uoga wangu, nikiuita kwa jina lake, uoga, bila kuupamba. Asubuhi inafika, Bijou analeta chai, ananiuliza, "Koko, umelala vizuri?" Nami namwangalia, naogopa jicho lake litakavyonitazama likishajua, nasema nimelala vizuri, mwanangu. Siku nyingine nilisema ana mtihani wa taifa, tusimvuruge. Siku nyingine nilisema ni Kwaresima, nyingine Krismasi. Vita ilipoingia nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru, barabara zimefungwa, nikasema, sasa Mungu mwenyewe amezuia. Watu wanalia barabarani na magodoro kichwani, na mimi ninashukuru.

Kwa hiyo msije mkadanganyika kama mimi mara ya pili. Kujiona hakutoshi. Siku unapokiona kitu, siku hiyohiyo fanya jambo moja la kukipinga, hata dogo, hata kwa kutetemeka, kwa sababu ukilala nacho mara moja, kesho utakuwa umekizoea. Honoré, wewe una hasira na unaiita msimamo. Darasani kwako watoto wanakuogopa, na nyumbani mkeo anashusha sauti ukiingia. Kaa na siku yako. Francine, wewe una uchungu na unauita ukweli. Una haki nao, lakini umeanza kuupenda, angalia. Sitaki mniige kwa rozari. Kaeni kimya kila jioni, mtafute jina la kweli, kisha msimame mkafanye. Sina mali nyingine niliyoipata kwa jasho langu mwenyewe, na hata hii niliitumia nusu.

Sijui kama Mungu ananisikia. Ninasema hivyo mimi niliyewaahidi wengine kwamba anawasikia. Ninapofumba macho sioni mwanga wala malaika, naona mteremko wa Cimpunda na kitambaa cha kichwa cha Francine kikigeuka chekundu. Ninaogopa sana, wanangu. Msiniambie nisiogope.

Bijou anauliza. Uliza tena, mwanangu, sikio hili limekufa. "Iko wapi?" Ndiyo. Iko Mumosho. Wiki tatu zilizopita mama anayeuza ndizi, yule wa Luhwindja, aliniambia kwamba Nathalie alikimbia mapigano, sasa anakaa Mumosho kwa mjane wa kaka yake, nyumba ya tatu baada ya kapela, kwenye njia inayoshuka mto Ruzizi. Anashona kwa mkono. Anakohoa damu, alisema yule mama. Wiki tatu nimekaa nayo habari hiyo, Bijou, hata hiyo. Kila asubuhi umeniletea chai.

Mwacheni. Mwacheni apite. Francine, sogeza mguu. Bijou, usinibusu, usifanye kitu usichokihisi. Chukua mwavuli nyuma ya mlango, na koti langu. Kule kuna baridi. Pikipiki ziko pale kituoni, Essence... umwambie dereva apite njia ya juu, ile ya chini mvua imeikata. Amekwenda? Sikumsikia akifunga mlango. Uacheni wazi.

Honoré, unasimama kwenda wapi? Unataka kumpeleka. Unaogopa barabara hiyo, najua. Mkifika, usiingie ndani kabla ya Bijou. Kaa nje hadi Nathalie mwenyewe akuite, na asipokuita, ngoja hadi mtoto amalize, umrudishe au umwache huko, kama atakavyotaka yeye. Na siku ya kunizika, kabla padre hajasema kitu, wewe ndiye utakayesimama mbele ya watu wa Cimpunda na wa Panzi. Sema kwamba Nathalie hakuwa na kosa. Sema kwamba mama yako alisingizia jina la Mungu. Usiseme alikosea, useme alisingizia. Utaona aibu. Sema hivyohivyo. Neno langu lilitoka mbele ya watu, linapaswa kurudi mbele ya watu. Sasa nenda, anatembea haraka yule.

Francine. Njoo huku juu, sikuoni vizuri. Karatasi za kiwanja ziko chini ya godoro. Vyumba vya mbele ni vya Nathalie, viandikwe jina lake, si jina la mtoto, jina lake. Vya nyuma mgawane wewe na kaka yako, na muweke mlango mmoja tu, msijenge ukuta. Cherehani... sina cherehani ya kumrudishia. Uza kitanda hiki, uza sufuria kubwa, mtafutieni. Kundi la sala wakija kuimba wape viti, lakini wasinisifu.

Nipe maji. Kidogo. Yanatosha.

Naweka mkono wangu juu yako, mwanangu, na kupitia kwako juu ya kaka yako, na juu ya yule anayeshuka njiani akinichukia, ana haki. Aliyewaumba awape kuona ndani yenu mapema, mkiwa bado na miguu. Awape kusimama siku hiyohiyo. Asiwape karama kubwa. Awape... ngoja. Awape watu wa kuwauliza swali. Na mimi, kama pana mahali pa mtu kama mimi... sijui. Muombeeni. Niombeeni, nilitaka kusema.

Bado upo? Mkono wako uko baridi, au ni wangu.

Akija Nathalie, mfungulie. Akikataa kuingia, mpelekee kiti nje. Akichelewa, akinikuta nimelala sebuleni na watu wamejaa... akitaka kunisema vibaya mbele yao wote, mtu asimkatize. Wala wewe usinitetee. Akichoka, kifua kikimbana, mpe maji... aendelee.